Vivo na TIM: kampuni hodhi mbili za simu za Brazil

Zote mbili ni matunda ya mwaka 1998, serikali ya Brazil ilipoigawa Telebrás, shirika lake la simu, katika kampuni hodhi 12 (kampuni zinazomiliki hisa za kampuni nyingine), nane kati yake zikiwa za simu za mkononi, kisha ikaziuza kwa mnada.

Historia ya TIM Participações ni fupi: Telecom Italia ilipata kampuni za kusini na kaskazini-mashariki, ikaziunganisha mwaka 2004, na ikabaki na usukani. Kwa mwekezaji mdogo, huu ndio uliokuwa muundo rahisi kuufuatilia.

Vivo ilikuwa na wakubwa wawili. Portugal Telecom, iliyonunua Telesp Celular ya São Paulo, na Telefónica ya Hispania ziliunganisha mali zao zikigawana nusu kwa nusu, jina la Vivo likazinduliwa mwaka 2003, na Vivo Participações ikaundwa mwaka 2006. Ubia huo uliizaa kampuni kubwa kuliko TIM, lakini pia mvutano: Juni 2010 serikali ya Ureno ilitumia hisa zake maalumu ndani ya Portugal Telecom, zenye kura ya turufu, kuzuia kampuni hiyo isiiuzie Telefónica sehemu yake ya Vivo, mauzo ambayo wanahisa wengi wa Portugal Telecom walikwisha kuyaridhia, na mwezi uliofuata pande hizo zikakubaliana Telefónica ilipe yuro bilioni 7.5.