Siku Nane Korea Kusini Pamoja na Mama na Watoto: Tathmini ya Safari

Novemba iliyopita tulisafiri kutoka Dodoma tukiwa watu watano, yaani mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, mwenyeji wa Kongwa, kwenda kwenye ziara ya siku nane ya utamaduni wa Korea Kusini iliyoandaliwa kwa ajili ya familia za wageni. Naiandikia tathmini kwa sababu tuliilipia kwa akiba ya miaka mingi, na mzazi mwingine anayejinyima kama sisi anastahili kujua anachokwenda kukikuta.

Siku bora kuliko zote ilikuwa ya kutengeneza kimchi, yaani kabichi ya kuchachushwa, mjini Jeonju, katika mtaa wenye nyumba za jadi zaidi ya 700 ziitwazo hanok. Kabichi zilikuwa zimelala kwenye chumvi usiku kucha, na kazi yetu ilikuwa kupaka jani moja baada ya jingine rojo la pilipili, vitunguu saumu, tangawizi na kamba wadogo waliotiwa chumvi. Bibi mwenyeji wetu hakujua Kiswahili, wala sisi hatukujua Kikorea, lakini alipoona mama anapaka kwa haraka alimshika mkono taratibu, akamfunulia jani la ndani lililosahaulika. Mkalimani alitueleza kwamba kaya za huko huandaa kimchi kwa pamoja kabla ya majira ya baridi, na kwamba desturi hiyo, kimjang, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Mama akasema, "Kumbe ni kama ilende yetu, mwanangu. Na wao wana kiangazi chao." Mtu aliyekulia Ugogoni, ambako mlenda huanikwa wakati wa mvua ili uliwe miezi ya ukame, hakuhitaji maelezo zaidi.

Usiku ule tulilala hapo hapo kwenye magodoro membamba yaliyotandikwa sakafuni. Nilihofia mgongo wa mama, lakini sakafu ilikuwa na joto, kwa kuwa nyumba za Kikorea hupashwa joto kutokea chini. Zamani moto wa jikoni ulipitisha moshi chini ya mawe ya sakafu, na siku hizi nyumba nyingi hutumia mabomba ya maji ya moto. Mwanangu mdogo alilala akiwa ameweka kiganja sakafuni, nje ya blanketi.

Seoul ndiko nilikoudhika. Kampuni iliyotuhudumia ilipanga kasri la Gyeongbokgung, lililojengwa mwaka 1395, siku ya Jumanne, siku ambayo kwa kawaida hufungwa. Tulisimama getini kwenye baridi tukiwa tumekwishavaa hanbok za kukodi, vazi la jadi la Kikorea ambalo humwezesha mgeni kuingia bila kiingilio. Tulirudi Jumatano, na gharama yake ikawa darasa la Hangeul, hati ya Kikorea, kukatwa hadi nusu saa. Hilo liliniuma, kwa maana ndani ya nusu saa hiyo binti yangu aliandika jina la Dodoma, akagundua mwenyewe kwamba Wakorea hukusanya herufi za kila silabi katika fungu moja: mafungu matatu, mawili ya mwanzo yakifanana kabisa. Mfalme Sejong alitangaza hati hiyo mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, na mtoto wa darasa la tano alilithibitisha hilo mbele ya macho yangu.

Chakula kilitupendeza, hasa bibimbap ya Jeonju, wali unaochanganywa na mboga, ila familia za Kiislamu ziulize mapema, kwani nyama ya nguruwe hutumika katika vyakula vingi. Usafiri wa treni haukuwa na dosari, na watoto waliozoea mchongoko, treni ya umeme ya kati ya Dodoma na Dar es Salaam, hawakushangazwa na mwendo wake.

Ningerudi na kampuni ile ile kwa masharti mawili: usiku wa Jeonju uwe mitatu badala ya mmoja, na ratiba ya Seoul niikague siku kwa siku kabla ya kulipa.