Taa nyekundu ya macho: wiki saba na binti yangu

Kina mama watatu wenye watoto darasa moja na binti yangu wameshaniomba niwauzie au niwaazime lile boksi jeupe, na mmoja wao ameshapanga kabisa kwamba atakaa nalo mwezi. Nimechoka kueleza nusu nusu pale getini mwa shule, kwa hiyo nayaweka hapa yote. Kifaa chenyewe ni taa nyekundu ambayo mtoto asiyeona mbali huichungulia dakika tatu asubuhi na dakika tatu jioni ili namba ya miwani isipande haraka. Tumekitumia wiki saba, nyumbani kwangu Mtwara mjini. Sasa kiko juu ya kabati.

Binti yangu ana miaka kumi. Alipokuwa darasa la tatu mwalimu wake aliniita, akaniambia mtoto anaandika daftarini vitu ambavyo havipo ubaoni. Nikadhani ni utundu, nikamgombeza njia nzima. Kumbe haoni ubao, ananakili kwa jirani yake, na jirani mwenyewe ana mwandiko wa kuku. Alipopimwa akakutwa na mainasi (ndiyo namba ya miwani ya asiyeona mbali) 1.75 jicho la kulia na 1.50 la kushoto. Mwaka mmoja baadaye: 2.75 na 2.50. Mainasi moja nzima kwa mwaka, na bado hajamaliza hata shule ya msingi.

Mama yangu alisema ni miwani inayomharibu, tungemwacha macho yangejizoeza. Nilipompelekea daktari wa macho maneno hayo alicheka kidogo, akachora jicho nyuma ya karatasi ya dawa. Jicho la mtoto wa namna hii linarefuka kwenda nyuma kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo picha ya kitu cha mbali inatua kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa ndani unaopokea mwanga. Milimita moja ya urefu wa ziada ni kama mainasi mbili na nusu. Miwani ya kawaida inairudisha picha mahali pake, mtoto anaona, lakini jicho linaendelea kurefuka. Kumpa lenzi dhaifu kuliko anayohitaji hakumsaidii chochote. Na ukifika mainasi sita kwenda juu, ukubwani unakuwa karibu zaidi na matatizo ya retina kubanduka na presha ya macho. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nipokee chochote nilichopewa.

Nilichopewa kilitoka kwa kaka yangu, ambaye hufuata mizigo Guangzhou. Kwetu sisi Wamakonde mjomba akishasema jambo la mpwa wake, limesemwa. Akanitumia sauti ya WhatsApp: "Dada, huku watoto wanaichungulia hii taa kama wanavyopiga mswaki. Sitaki mpwa wangu avae chupa za soda usoni." Boksi likafika Februari kwenye mzigo wa nguo. Nusu ya gharama nilimrudishia kwa pesa ya korosho za shamba letu la Nanyamba. Sitataja jina la kifaa. Aliyemuuzia hakumwambia mambo ambayo alipaswa kuyasema, na sijui kama kosa ni la kiwanda au la mtu wa dukani.

Haya, matumizi. Kinakaa mezani kama darubini kubwa. Mtoto anaegemeza paji la uso, unasogeza matundu yalingane na mboni zake, unabonyeza. Mwanga mwekundu unawaka ndani, dakika tatu, unajizima. Mara mbili kwa siku, na kati ya mara ya kwanza na ya pili zipite angalau saa nne. Siku tano kwa wiki. Hakiumi, hakina dawa, hakichomi. Kwa upande huo sina lawama, na binti yangu alikipenda kwa sababu dakika zile tatu hakuna mtu aliyemtuma dukani.

Taabu ilianzia kwingine. Plagi ilikuwa ya kichina, nikanunua adapta. Maelezo yote kichina, nikayapiga picha nikayapitisha kwenye tafsiri ya simu, na mstari mmoja ukatoka hivi: "usimwache mtoto mwekundu peke yake." Programu ya simu iliyopaswa kuhesabu vipindi ilidai namba ya simu ya China, kaka akatumia ya wakala wake. Maana yake ni kwamba kumbukumbu za macho ya mwanangu zilikuwa zinakwenda kwa bwana mmoja wa Guangzhou ambaye hata shikamoo hatujawahi kupeana. Tena ilikuwa msimu wa masika, umeme unakatika saa kumi na mbili jioni unarudi saa tatu mtoto ameshalala. Kwa hesabu yangu ya daftarini, kati ya vipindi sabini tulivyopaswa kufanya tulifanya hamsini na kitu.

Wiki ya tano binti yangu akaniambia, kama anayesimulia katuni, kwamba akimaliza kuchungulia na kufumba macho anaona duara la kijani. Nikajua hiyo ni kawaida; hata ukitazama balbu utaliona. Nikamwambia aniite likiisha. Siku za mwanzo liliisha kabla hajafunga viatu. Wiki ya saba, asubuhi moja, amekunywa chai, amekula muhogo, amevaa begi, nikamuuliza, akasema: "Bado lipo, mama, ila limefifia."

Siku hiyo hakuchungulia jioni. Usiku nikakaa na simu nikasoma kile nilichopaswa kukisoma Februari.

Tiba yenyewe haijatungwa na wachuuzi, hilo niseme kwa haki. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa China wa watoto 264 wa miaka 8 hadi 13. Kwa miezi kumi na miwili, waliovaa miwani tu namba zao zilipanda kwa wastani wa 0.79, na waliochungulia taa pamoja na miwani zikapanda kwa 0.20. Macho ya kundi la kwanza yalirefuka milimita 0.38, ya kundi la pili 0.13. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Ningekuwa mimi ndiye muuzaji ningeibandika ukutani.

Lakini mwaka uliofuata madaktari wakaandika habari za msichana wa miaka kumi na miwili, wa huko huko China, aliyetumia taa ya aina hii miezi mitano akapoteza sehemu ya uwezo wa kuona macho yote mawili. Retina yake ilikutwa imeharibika katikati kabisa, pale pa kusomea. Alipoacha alipata nafuu kiasi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, walipima vifaa viwili vya namna hii wakaona kwamba kuvitazama dakika tatu mfululizo kunafikia au kunavuka kiwango cha usalama cha jicho, wakawashauri madaktari wafikirie upya kabisa kuvitumia kwa watoto mpaka usalama wake uthibitishwe. Kumbe vifaa hivi ninavyoviita taa, vingi vyake ni leza, yaani mwanga uliokusanywa mahali padogo. Na China yenyewe, tangu 1 Julai 2024, imevipandisha vifaa hivi kwenye daraja la tatu, la vifaa vya tiba vyenye hatari kubwa zaidi, ambavyo haviuzwi bila kuidhinishwa kwa daraja hilo. Huku kwetu kiliingia katikati ya madera na viatu vya plastiki.

Kwa daktari nilikwenda na boksi lenyewe kwenye kikapu. Nilitegemea kugombezwa. Aligeuza geuza, akaniuliza swali moja: "Kabla hujaanza, nani alimtazama mtoto retina?" Hakuna. "Na katikati ya matumizi?" Hakuna. Akamtia matone ya kupanua mboni, tukakaa nje kwenye benchi, mtoto analalamika jua linamchoma, kisha akamchungulia taratibu jicho moja baada ya jingine. Kwa uzima wa Mungu hakuona kovu wala doa. Lakini akaniambia kuna uharibifu mdogo wa mwanzo ambao hauonekani mpaka kwa mashine ya kupiga picha tabaka za retina, na kama ningetaka kuendelea ningetakiwa kumpiga picha hiyo kabla, kisha kila baada ya miezi michache, pamoja na kupima urefu wa jicho. Kwa mahali nilipoelekezwa mimi, hiyo ilikuwa safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 za basi kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Kazini kwetu hakuna anayelisifu gunia kwa kulitazama ganda. Sampuli inatolewa, inakatwa, kokwa linaonekana: zima, limenyauka au limeoza. Mnunuzi asiyekata tunamwita mgeni wa mji. Na mimi niliyeona hayo kila msimu kwa miaka tisa nilichukua macho ya mtoto wangu nikayatia kwenye kifaa wiki saba bila kukata hata sampuli moja. Hapo ndipo nilipojikasirikia kuliko nilivyomkasirikia muuzaji.

Tukaacha. Daktari alinitahadharisha kwamba watoto wakiacha taa hii macho huweza kurefuka kwa kasi kwa muda, kama yanayofidia, kwa hiyo nisishtuke namba ikisogea. Ilisogea. Miezi mitano baadaye alikuwa na 3.00 na 2.75. Je, wiki saba zile zilisaidia? Siwezi kusema, na yeyote anayekuambia ameona tofauti kwa muda kama huo bila kipimo cha urefu wa jicho anakusimulia ndoto yake.

Matone ya atropini ya nguvu ndogo, ambayo wenzetu wa Hong Kong waliyajaribu kwa asilimia 0.05, 0.025 na 0.01 na yakapunguza kasi ya namba kupanda, niliyatafuta kwenye maduka matatu ya dawa. Nilipata ya asilimia 1 tu, na dada wa dukani akanirudishia pesa yangu mkononi: "Hii si ya mambo hayo, mama, na usije ukaichanganya na maji nyumbani." Mungu ambariki.

Kilichobaki ni jua. Hapa nitasema taratibu kwa sababu watu wanalichanganya. Guangzhou kwenyewe, katika utafiti uliochapishwa 2015, watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, wenzao wasioongezewa 39.5. Ni kinga zaidi kuliko tiba. Kwa mtoto ambaye tayari ana miwani nguvu yake ni ndogo, na daktari hakunificha. Ila ndani ya nyumba yangu mwanga haufiki hata sehemu ya ishirini ya ule wa uwanjani, na mwanga mkali wa nje unafanya retina itoe dopamini, kemikali ya mwili yenyewe, ambayo inaaminika kulizuia jicho kurefuka. Na jua lenyewe halitazamwi! Nimelazimika kumwambia hivyo mdogo wake, aliyeanza kulikodolea jua ili naye apone.

Kwa hiyo nimeondoa tyusheni ya jioni siku tatu kwa wiki, ugomvi ulikuwepo na baba yake, na tunakwenda ufukweni Shangani kuanzia saa kumi. Anavaa miwani yake kamili. Mdogo wake, ambaye bado hana miwani, ndiye ninayemtegemea zaidi kufaidika na jua hilo. Tunasema Mtwara kuchele; basi kukicha na kutukute nje.

Nyota? Naipa mbili. Siipi moja kwa sababu utafiti nimeuona na siwezi kuukana, na mtu anayeishi karibu na hospitali yenye mashine ya picha ya retina, daktari wake akasimamia tangu siku ya kwanza, kwa kifaa kilichoidhinishwa, huyo ana hesabu zake tofauti na zangu. Kwa ninyi mnaonisubiri getini, hapana. Siuzi, siazimi.

Juzi jirani alikuja kuliomba boksi kwa ajili ya mgongo wa mumewe, amesikia taa nyekundu inatoa maumivu. Kaka naye amenipigia: "Dada, kama hamlitumii lirudishe, nina mteja Masasi." Nikamwambia aniletee kwanza jina la daktari atakayemtazama retina huyo mtoto wa Masasi. Hajapiga tena.