Thamostati ya gari la zamani: ipi ya kununua kwanza, ipi ya kuacha

Thamostati ni valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kabla ya kuuliza inafunguka kwa nyuzi ngapi za joto (Selsiasi), ng'oa ile iliyomo kwenye injini uipime upana. Injini nyingi za Uingereza, zikiwemo za aina ya A na B za kampuni ya BMC (British Motor Corporation), hutumia thamostati yenye sahani ya milimita 54. Sahani isiyoingia sawasawa kwenye kiota chake huinua kifuniko cha alumini, na ukilazimisha boliti, kifuniko kinapasuka.

Halafu chungulia ndani ya nyumba yake. Ukiona tundu ubavuni, hiyo ni njia ya mchepuko: maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kuna injini, kama Jaguar XK za miaka ya 1950, zilizotumia thamostati yenye koti la bati ambalo huziba tundu hilo mara valvu inapofunguka. Ukiweka isiyo na koti, sehemu ya maji ya moto inaendelea kuzunguka bila kupoa, gari linachemka mlimani, na lawama zote zinaiangukia rejeta. Kwa injini hizo nunua yenye koti, au acha kabisa mpaka uipate. Tumeliweka hili mbele ya kila kitu kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kwa injini nyingine, chaguo la kwanza ni thamostati ya nta ya nyuzi 82, yenye tundu dogo na kipini kinachocheza. Nta huyeyuka, hutanuka na kusukuma valvu. Shinikizo la maji haliisumbui. Inaanza kufunguka karibu na 82 na kumaliza nyuzi kumi na zaidi baadaye. Kile kipini hutoa hewa unapojaza maji, kwa hiyo kifunge kikiwa upande wa juu. Kama yako haina, toboa tundu la milimita 3 kwenye sahani.

Ya pili ni ya nyuzi 88, nzuri kwenye baridi kali na kwa anayetaka hita yenye nguvu, ila rejeta iwe safi. Ya tatu ni ile inayojikwamisha ikiwa wazi injini ikipata joto kupita kiasi. Inaokoa gasketi ya silinda hedi, lakini ikishajikwamisha lazima ununue nyingine.

Ya nyuzi 71 au 74 tunaiweka ya nne. Wengi huinunua wakidhani itatibu gari linalochemka. Haitibu! Thamostati huamua joto la chini la injini. Ikishafunguka yote, kazi ni ya rejeta, feni na pampu ya maji. Injini inayozunguka baridi hula petroli, na oili yake huingiwa na maji yasiyokauka, ikafanya tope.

Ya mwisho kati ya zinazouzwa ni ya mvukuto, yaani ya kizamani yenye kikopo cha bati chenye mikunjo na kimiminika ndani badala ya nta, iliyokaa stoo miaka mingi. Ina sifa moja: ikivuja, mara nyingi hubaki wazi, wakati ya nta ikipoteza nta yake springi huifunga na injini inachemka. Lakini kwenye mfumo wenye shinikizo kubwa mvukuto hubanwa na kuchelewa kufunguka, na bati lake jembamba huchoka. Kuendesha bila thamostati kabisa hatukuweki hata kwenye orodha.

Yoyote utakayonunua, ijaribu kabla ya kuifunga. Bana uzi kwenye mdomo wa valvu, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, pasha polepole huku ukikoroga. Valvu ikifunguka, uzi unaachia na thamostati inadondoka. Soma nyuzi za joto papo hapo. Ikipishana na namba iliyochapwa kwa nyuzi tano au zaidi, irudishe dukani. Endelea kupasha: valvu yenye afya hufunguka milimita 7 hadi 8 kabla maji hayajachemka. Wakati wa kufunga, upande wa springi na nta uelekee injini, na gasketi iwe mpya.