Siku 17 katika wodi ya mifupa, Moshi: tathmini ya ndugu wa mgonjwa

Mwezi Mei mama yangu, mwenye umri wa miaka 74, aliteleza kwenye kinjia cha kuelekea kihambani, yaani shamba la nyumbani, huko Kibosho, katika zile siku za masika ambapo udongo wetu mwekundu hugeuka sabuni, akavunjika shingo ya mfupa wa paja la kushoto, pale kwenye nyonga. Tulimfikisha katika hospitali moja ya mjini Moshi Jumamosi mchana, akalazwa wodi ya mifupa ya wanawake, na akapewa ruhusa Jumatatu ya tatu, ikiwa ni siku ya 17. Jina la hospitali silitaji, kwanza kwa sababu niliyoyaona sidhani kuwa ni ya hospitali hiyo peke yake, na pili kwa sababu wamo ndani yake watumishi wawili watatu ambao hawastahili kubebeshwa lawama za wenzao.

Na mapokezi sina ugomvi. Ndani ya saa mbili mama alikuwa ameshapigwa eksirei na kufungiwa mguuni uzito wa kuuvuta, na daktari kijana alinionyesha picha kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kalamu mahali mfupa ulipokatika, akaeleza kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba kichwa cha mfupa kitaondolewa na kuwekwa cha chuma. Kilichotuchelewesha ni mashine ya bima ya kusoma alama za vidole, ambayo ilikataa kuvitambua vidole vya mtu aliyeshika jembe kwa miaka sitini. Tulipangusa kwa spiriti, tukapaka mafuta, tukapangusa tena, hadi kidole gumba cha mkono wa kulia kikakubali. Mama amesajiliwa kuwa mtegemezi wangu katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nami ni mwalimu, kwa hiyo kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wangu hukatwa na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Nalitaja hili mapema kwa sababu mara mbili nilijibiwa wodini kana kwamba tumekuja kuomba msaada, ilhali tulikuwa tumelipa kabla hatujaugua.

Upasuaji ulipangwa Jumanne. Jumatatu jioni kilibandikwa kikaratasi juu ya kitanda, chenye herufi kubwa za kalamu ya wino mwekundu: ASILE KUANZIA SAA 6 USIKU. Mama alitii, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kutii kupita kiasi, hata maji hakugusa. Asubuhi ikapita, saa sita ikapita, saa nane ya kuona wagonjwa ikaisha, na mtori nilioupika alfajiri ukapoa ndani ya chupa ya chai chini ya kitanda. Nilikuwa nikilowesha ncha ya khanga na kumpangusia midomo. Aliyetuambia hatimaye kwamba upasuaji umeahirishwa, ilipokaribia saa kumi na moja jioni, hakuwa daktari wala muuguzi, bali mama mfanya usafi, ambaye alikuwa amepita chumba cha upasuaji akasikia kwamba wameletwa majeruhi wa ajali ya bodaboda na orodha yote ya siku imesogezwa.

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayegombana na hospitali kwa kumtanguliza kijana anayevuja damu. Ninachohoji ni zile saa 17 za njaa na kiu. Utaratibu unaojulikana katika huduma ya usingizi ni kwamba chakula kigumu kisimamishwe saa sita hivi kabla ya upasuaji, na maji matupu saa mbili tu kabla. Mgonjwa aliyepangwa wa nne au wa tano katika orodha angeweza kunywa maji asubuhi bila hatari yoyote, na pale ilipojulikana kwamba hatafanyiwa siku hiyo, mtu mmoja angetembea hatua thelathini kuja kusema: Bibi, kula. Dripu ilitundikwa saa saba mchana, nayo ni baada ya mimi kuomba mara tatu.

Alhamisi ikawa yaleyale, ila sababu ilikuwa mbaya zaidi. Kaka yangu na mpwa wetu walikuwa wametoa damu Jumatano, chupa mbili, kama tulivyotakiwa. Asubuhi ya Alhamisi, mama akiwa tayari amevalishwa gauni la kijani na nywele zake zimefunikwa kofia, ikaonekana kwamba damu ya kumwongezea haijaandaliwa, kwa kuwa maabara haikupokea sampuli yake ya kulinganishia. Faili lilisema sampuli imechukuliwa na kupelekwa. Ilichukuliwa kweli, maana alama ya sindano ilikuwa mkononi mwake. Kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau kilikutwa kwenye sinia ya vifaa, nyuma ya boksi la glavu, jina la mama likiwa limeandikwa vizuri kabisa kwa mwandiko wa kupendeza. Muuguzi wa zamu ya jioni alikuwa amemwachia wa usiku, wa usiku akadhani imekwisha kwenda, na wa asubuhi akasoma kwenye faili kwamba imekwenda.

Hapa ndipo nilipoanza kuielewa wodi ile. Dawa zilikuwapo, vitanda vilikuwapo, wataalamu walikuwapo, na isipokuwa sindano moja ya kutuliza maumivu hatukutumwa kununua kitu kikubwa nje. Kilichokosekana ni kupokezana. Zamu ilipobadilika, yote yaliyojulikana kuhusu mgonjwa yalivuka mlango pamoja na aliyekuwa akiyajua, na aliyeingia alianza upya kwa kutuuliza sisi: amepewa dawa ya saa mbili? mkojo umetoka kiasi gani? anatumia dawa ya presha? Kwa maneno mengine, ndugu wa mgonjwa ndiye faili. Mwenye ndugu makini anatibiwa vizuri kidogo, na asiye na ndugu, kama yule bibi wa kitanda cha jirani aliyeletwa na wasamaria wema kutoka njia ya Himo, analala na maumivu yake mpaka mtu mwingine amsemee.

Ijumaa, siku ya saba, wifi yangu, mke wa kaka, alipokuwa akimwosha mama aliona doa jekundu juu kidogo ya mstari wa matako, ukubwa wa kifuniko cha soda. Alilibonyeza kwa kidole, wekundu haukuondoka. Jumamosi ngozi ilikuwa imebabuka. Wifi hajasomea uuguzi, lakini amemuuguza baba yake aliyepooza, na alijua anachokiona: kidonda cha kulalia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, na hakuna sehemu ya mwili inayowahi kuoza kuliko hapo mfupa unapokaribiana na godoro. Mama alikuwa amelala chali kwa wiki nzima, mguu umefungiwa uzito, juu ya godoro la ngozi ya plastiki lililobonyea katikati kama kihori cha ng'ombe. Nilipomuuliza muuguzi nani anapaswa kumgeuza, alinijibu bila ubaya wowote usoni, kama mtu anayetaja jambo la kawaida: "Si mpo ninyi, dada?"

Tupo, ndiyo, lakini kwa saa za kuona wagonjwa, ambazo ni alfajiri, adhuhuri na jioni. Nje ya hapo anaruhusiwa mwangalizi mmoja, tena mwenye kadi. Na hakuna aliyetufundisha namna ya kumgeuza mtu aliyevunjika nyonga bila kumuumiza. Tuliogopa kumgusa, wao wakadhani tunamgeuza, na kidonda kikapata nafasi.

Ningependa kuwa mwadilifu katika hesabu zangu. Usiku niliolala pale nilihesabu vitanda 34 vyenye watu, na wauguzi wawili. Hata wangekuwa malaika, wawili hawawezi kuwageuza watu wazima kumi na kitu kila baada ya saa mbili, kugawa dawa, kubadili dripu na kupokea majeruhi wa saa nane usiku. Upungufu huo si wao walioutengeneza. Lakini kutia saini ya dawa ya saa mbili usiku ambayo mgonjwa hakuipata, jambo nililoliona kwa macho yangu kwenye karatasi ya mama, hakusababishwi na uchache wa watu. Nilipouliza, karatasi ilichukuliwa na dawa ikaletwa kimya kimya, bila neno.

Jumamosi hiyohiyo nilikwenda kwa mkuu wa wodi, inchaji kama wanavyomwita, nikaambiwa nirudi Jumatatu. Sanduku la maoni lipo ukutani karibu na ngazi, kufuli lake limeota kutu, na nilipochungulia kwenye ule mwanya niliona karatasi zimejaa hadi juu. Sikuona sababu ya kuongeza yangu. Jumatatu asubuhi, mama akiwa hatimaye ameingizwa chumba cha upasuaji, siku ya kumi tangu aanguke, nilipanda hadi ofisi ya matroni, mkuu wa wauguzi. Miongozo mingi ya tiba ya mifupa hutaka mzee aliyevunjika nyonga afanyiwe upasuaji ndani ya saa 36 hadi 48, kwa kuwa kila siku ya kulala humwongezea hatari ya nimonia, ya damu kuganda miguuni na ya vidonda kama hicho. Nilimwambia hivyo. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaandika, akaniuliza kidonda kina ukubwa gani, akashuka mwenyewe wodini.

Jioni hiyo, mama aliporudishwa, kwenye chuma cha kitanda kulikuwa na karatasi moja iliyopigwa mistari kwa rula: saa, upande aliolazwa, saini. Kushoto, chali, kulia. Upande ulioumia walimwekea mto katikati ya magoti na kutuonyesha, mimi na wifi, jinsi ya kuvuta shuka badala ya kumvuta mtu. Somo hilo lilichukua dakika tano. Kwa siku nne karatasi ile ilijazwa hata usiku, kidonda kikaanza kukauka pembeni, na nilijikuta nikiwaza kwa uchungu kwamba kitu tulichokikosa kwa siku tisa kilikuwa ni karatasi na kalamu. Siku ya tano karatasi ilijaa na hakuna aliyeweka nyingine. Wifi alichana ukurasa katikati ya daftari la hesabu nililokuwa nimekuja nalo kusahihisha, akachora mistari ileile, akaufunga kwa uzi. Wauguzi waliendelea kutia saini humo kana kwamba imetoka stoo ya hospitali.

Kuhusu getini nitasema kwa kifupi. Mlinzi wa zamu ya mchana ni mkali na ni wa haki, anamrudisha kila mtu. Yule wa jioni anamrudisha kila mtu asiyekuwa na elfu moja ya soda. Shangazi yangu, aliyetoka Uru na chupa ya uji wa ulezi, alisimama nje nusu saa huku vijana wawili wakipita mbele yake. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ya kupiga bure, imebandikwa mita tatu kutoka kwenye kiti chake. Vyoo vya wodi vilikuwa vikioshwa mara mbili kwa siku na vikawa vichafu mara kumi. Maji yalikatika siku tatu, na sabuni ya kunawia sikuiona hata siku moja, si ya wageni wala, kwa kadiri nilivyotazama, ya wahudumu wanaotoka kidonda kimoja kwenda kingine.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Daktari bingwa alikuja kesho yake, akampa mama shikamoo yake kwa heshima, akambonyeza vidole vya mguu na kumuuliza kama anahisi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole anayeongea na wazee kama mjukuu wao, alimsimamisha siku ya pili, na ndiye mtu pekee katika jengo zima aliyetuandikia alichotaka tukifanye. Na yule mama mfanya usafi alikuwa akituletea habari kila siku bila kuombwa.

Kwa atakayempeleka mzee katika wodi ya namna hii, hospitali yoyote, ushauri wangu ni huu: nendeni na daftari, mwandike saa na jina la kila dawa, mkipokezana ninyi kwa ninyi ipasavyo, muulizeni muuguzi siku ya kwanza, si ya saba, jinsi ya kumgeuza, likibandikwa neno la kufunga kula, ulizeni mgonjwa ni wa ngapi kwenye orodha na maji mwisho wake saa ngapi, na msiridhike na inchaji akiwaambia mrudi Jumatatu.

Kwa utaalamu wa madaktari naipa hospitali hii alama nne kati ya tano. Kwa uangalizi wa wodini naipa moja, na hiyo moja ni ya matroni. Siku ya kuondoka ruhusa ilitoka saa tatu asubuhi, nasi tulitoka getini saa kumi na moja jioni, kwa sababu muhuri wa bima ulikuwa kwenye droo na mwenye ufunguo alikuwa semina.

Kliniki ni wiki ya sita baada ya upasuaji. Tutarudi palepale, kwa kuwa chuma ni chao na picha ziko kwao. Nimeshamwambia wifi asilisahau lile daftari.