Kruzi kontroli kwenye Crown, Dar hadi Mwanza: uiwashe wapi, uizime wapi

Ninaendesha Toyota Crown Athlete iliyoagizwa Japani, na safari yake kubwa ni Dar kwenda Mwanza kwa wazee, zaidi ya kilomita 1,100. Wenye magari kama hili ninaowafahamu, wengi hawajawahi kugusa kijiti cha kruzi kontroli, yaani mtambo unaoshika spidi bila wewe kukanyaga mafuta, kile kilichochomoza kwenye usukani, upande wa kulia kwa chini. Mimi nakitumia kila nikisafiri, na sina mpango wa kuacha. Ila kazi yake kwangu ni moja tu, kushika spidi. Anayeitafuta kruzi ili apumzike, kwa barabara hii ya kwetu, ni bora aajiri dereva.

Matumizi yenyewe hayana ufundi. Bonyeza kitufe cha kwenye ncha, taa itawaka dashibodi. Ukifikia spidi unayotaka, shusha kijiti kidogo, kisha toa mguu kwenye mafuta. Ukikipandisha gari linaongeza, ukikivuta kwako inakata, na ukigusa breki inakata vilevile. Chini ya kilomita 40 kwa saa haishiki kabisa.

Dar mpaka Msamvu, pale Morogoro, sihangaiki nayo. Malori ni mengi, mabasi yanaovateki popote, na kila ukipata mwendo kuna kibao cha 50 au rasta, yale matuta madogo madogo. Utakuwa unaiwasha na kuikata mpaka uchoke. Raha yake naipata baada ya Dodoma. Ukishaipita Bahi barabara inanyooka, magari yanapungua, unaona mbele mpaka macho yanachoka. Hapo naiweka 90 na kuiacha. Mguu wa kulia hauumi, na faida kubwa zaidi ni kwamba siangalii mshale wa spidi kila dakika, macho yangu yako barabarani. Mke wangu anasema hata usingizi wake ni mtamu zaidi, kwa sababu mimi nikinogewa na mazungumzo huwa mguu wangu unapanda na kushuka na gari linamtikisa. Inasimuliwa kwamba hilo hilo ndilo lililomkera Ralph Teetor, mhandisi wa Kimarekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni: wakili wake alikuwa akipunguza mwendo kila anapoongea na kuongeza anaposikiliza. Teetor akabuni kifaa cha kushika spidi, na Chrysler wakakiweka kwenye magari yao ya mwaka 1958.

Sasa tuje kwenye hatari, maana ndizo zinazonifanya niandike. Kwa spidi ya 90 unakula mita 25 kila sekunde. Mguu unapokosa kazi huwa unarudi nyuma kutafuta starehe, na wengine hukunja kabisa na kuuweka chini ya kiti. Ng'ombe wakitokea, na ukanda ule wote ni wa wafugaji, utakuwa unautafuta mguu wakati mita zinaisha. Mimi kisigino changu kinakaa sakafuni mbele ya breki muda wote. Nikiona vumbi la mifugo pembeni, au mchungaji amesimama upande mmoja na mbuzi wako upande wa pili, nakata kabla sijajua wataelekea wapi.

Malori nayo yana hesabu yake. Semi linalopanda mlima kwa 40 wakati wewe unakuja na 90, unalisogelea kwa karibu mita 14 kila sekunde, na kruzi ya kawaida haina habari na kilicho mbele. Haitapunguza. Itakupeleka mpaka kwenye tela.

Milima naiendesha mwenyewe. Kupanda, kruzi inang'ang'ania namba uliyoipa, inashusha gia na kunywa mafuta, wakati dereva angekubali mwendo upungue kidogo. Kushuka ni kubaya zaidi. Kruzi kama hii ya kwangu inaachia mafuta tu, haikanyagi breki, kwa hiyo mlima ukiwa mkali gari linapita spidi uliyoiweka. Sekenke, kwa mfano, ukishuka kuelekea Shelui, zile kona na malori yaliyopikika breki hazitaki masihara. Shusha na gia.

Mvua ikianza, zima. Tairi zikielea juu ya maji unatakiwa uachie mafuta taratibu, na kruzi iko pale inajitahidi kulinda namba. Usiku pia siiwashi, hata barabara iwe nyeupe kiasi gani. Lori bovu lisilo na taa, na majani yaliyotupwa lami mita chache tu nyuma yake kama alama, hilo mnalijua wenyewe.

Kuhusu vijiji: wapo wanaoifunga kwenye 50 ili wasikutane na tochi na faini ya 30,000. Siwalaumu, na kwenye zile 50 ndefu zisizo na hata nyumba nami hufanya hivyo. Lakini penye gulio, shule au kijiwe cha bodaboda, 50 yenyewe inaweza kuwa nyingi. Halafu kuna mtego wa RES, yaani kuirudisha spidi uliyoiweka mwanzo. Ukitoka kijijini ukapandisha kijiti, gari linakumbuka ile 90 na kuikimbilia, hata kama kibao cha kijiji kinachofuata umeshakiona. Mimi nikiingia mji wowote nazima kitufe kikuu, nikitoka naanza upya.

Shemeji yangu ana gari lenye kamera mbili juu ya kioo cha mbele, linalopunguza lenyewe likiona gari mbele. Nimeliendesha. Kwenye foleni ni tamu, ila bodaboda akikuchomekea linafunga breki ghafla, na wa nyuma yako hakutegemea. Jua la jioni likikupiga usoni, na ukielekea Singida litakupiga, kamera zinajitoa kazini kwa muda. Akibadilisha kile kioo, kamera lazima zipangwe upya na mwenye vifaa, asikubali kioo cha kubandika tu.

Kama gari lako halina, baadhi ya Toyota ambazo pedali yake ya mafuta inafanya kazi kwa umeme badala ya kebo hukubali kufungiwa kijiti tu, kwa sababu kompyuta yake tayari inaijua kazi hiyo. Mpe fundi umeme anayeelewa eabegi, kwa kuwa kazi inafanyika ndani ya usukani. Kabla ya kumlipa, nendeni barabara tupu, iweke 60, gusa breki kidogo tu. Isipokata papo hapo, au taa za breki zisipowaka, kirudishe.