Hita ya Trela la Kulala Wakati wa Baridi Kali: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayenunua hita ya trela la kulala, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, hasa anayeishi au kusafiri Minnesota, Michigan au Kanada, ambako baridi hushuka hata chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa kawaida huuliza ipi ina joto kali zaidi. Yanayofaa kuulizwa ni mambo mawili: moshi wake unatolewa wapi, na je, joto lake linafika kwenye mabomba ya maji? Hita zimepangwa hapa kwa kufuata maswali hayo.

Nafasi ya kwanza ni ya hita ya gesi iliyojengewa ndani ya trela. Moto wake huwaka ndani ya chumba kilichofungwa, ukivuta hewa kutoka nje na kurudisha moshi nje, na katika matrela mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya baridi feni husukuma sehemu ya hewa moto chini ya sakafu, yalipo matangi na mabomba. Kasoro yake ni kwamba hula gesi nyingi, na feni hutegemea betri ya volti 12 ambayo, ikiwa imechoka, huisha kabla ya alfajiri. Anayenunua trela lililokwisha kutumika aiwashe mbele ya muuzaji, aiache nusu saa, kisha atoke nje akague tundu la moshi: masizi meusi pembeni yake ni dalili kwamba gesi haiungui sawasawa, na mara nyingine chanzo ni kiota cha nyigu tu. Mtungi uwe wa propani, ambayo huendelea kugeuka mvuke hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri, ilhali butani hukwama penye sifuri.

Ya pili ni hita ya dizeli, ambayo pia hutoa moshi nje na hutumia mafuta kidogo. Haifikishi joto chini ya sakafu isipokuwa fundi aipitishie njia huko, na viungo vya bomba lake la moshi lazima vikae nje ya trela, si chini ya kitanda.

Hita ya umeme haina moshi hata kidogo, na wapo ambao wangeipandisha juu zaidi. Naiweka ya tatu kwa sababu ya mabomba. Sebule ikishapata joto la umeme, kidhibiti cha hita ya gesi huona kazi imekwisha na hakiiwashi tena, kwa hiyo maji yaliyo chini ya sakafu huganda na kupasua mabomba huku wenye trela wamelala usingizi mnono. Isitoshe, hita ya wati 1,500 kwenye umeme wa volti 120 huvuta ampea 12.5, mzigo mzito kwa laini ya ampea 15 na hatari kwa waya mwembamba wa kurefushia. Plagi ikipata moto kiasi cha kutoshikika, zima.

Ya mwisho ni hita ndogo ya gesi ya kubebeka, ambayo huwakia humo humo chumbani, ikila oksijeni na kutoa takriban kilo 1.6 za mvuke wa maji kwa kila kilo ya propani, mvuke unaoishia kulowesha madirisha na godoro. Itumike mtu akiwa macho na dirisha likiwa wazi kidogo, kamwe si usiku. Aliyekulia Njombe au Limuru hahitaji kuelezwa jiko la mkaa chumbani hufanya nini.

Kabla ya hita yoyote, nunua ving'ora viwili vipya: cha monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu itokanayo na moto usioungua sawasawa, ambayo haina rangi wala harufu, kifungwe karibu na kitanda, na cha propani, ambayo ni nzito kuliko hewa, kifungwe karibu na sakafu. Vyote huchakaa hata visipolia, kwa hiyo soma tarehe iliyoandikwa nyuma kabla ya kulipa.