Karatasi Nene za Jalada: Kunja Kwanza, Ndipo Uchague

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo mezani nina karatasi tatu za jalada, zote za gramu 300, zote zimepakwa, zote za daraja la juu. Hii ya kwanza ni glosi, inayong'aa pande zote mbili. Hii ya pili ni silki, mng'aro wake umetulia. Ya tatu imepakwa upande mmoja tu: upande huo unang'aa kama kioo, na mgongoni imebaki karatasi tupu. Kabla sijasema neno lolote juu ya mng'aro, naomba mtazame hiki nilichoshika.

Hili ni jalada la kitabu cha kumbukumbu nilichokibuni mwenyewe. Bluu nzito, inakaribia weusi, imezunguka mbele, kwenye uti na nyuma. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Mnauona mstari mweupe unaoshuka kwenye uti? Huo haukuwa kwenye mchoro wangu. Wino na mpako vimepasuka pale, na mnachokiona ni karatasi ya ndani. Kazi nzima ilitoka hivi, mteja akakataa kuipokea, na alikuwa na haki. Karatasi yenyewe ilikuwa nzuri. Niliipapasa, nikaiinamisha kwenye taa, nikaipenda. Sikujiuliza itakunjwa wapi. Aliyeniuzia aliikata nyuzi zikikatisha uti badala ya kwenda nao, na mimi kwenye oda sikuwa nimeandika chochote kuhusu nyuzi.

Ndiyo maana sasa hivi ninapochagua karatasi ya jalada naanzia mwisho wa kazi, kwenye mkunjo, halafu narudi nyuma hadi kwenye rangi.

Tuanze na nyuzi. Karatasi huanza kama nyuzi za mti zinazoelea kwenye maji mengi, na kwa kuwa mtambo wa kutengeneza karatasi unakwenda kasi, nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wake. Ukikunja kufuata nyuzi, karatasi inatii. Ukikunja kwa kuzikatisha, nyuzi zinakakamaa, zinavunjika, na mpako wa juu unapasuka pamoja nazo. Mpako huo ni udongo mweupe wa kaolini au kalsiamu kaboneti iliyosagwa laini sana, ikashikwa kwa gundi. Ni kitu kigumu, hakina mnyumbuko wa nyuzi.

Kuzijua nyuzi zimelala wapi si kazi. Kata vipande viwili, upana sentimita 2, urefu sentimita 15. Kimoja kwa urefu wa karatasi, kingine kwa upana wake. Viweke pamoja, vishike ncha moja, viache vining'inie hivi. Tazameni: hiki kimelegea, hiki kimesimama. Kilicholegea ndicho kilichokatwa kukatisha nyuzi. Kwenye lebo ya rimu, mara nyingi kipimo kilichopigiwa mstari ndicho kinachofuata nyuzi, lakini mimi nakata vipande hata hivyo.

Nimechapa bluu ileile kwenye karatasi zote tatu, nikazikunja mbele yenu kwa kukatisha nyuzi, bila kutia mfuo, yaani ule mchirizi unaokandamizwa kwenye karatasi kabla ya kukunja. Glosi imepasuka kutoka juu hadi chini, mstari mweupe kabisa. Silki imepasuka pia, ila vipandevipande. Hii ya kioo imepasuka vibaya kuliko zote, kingo zimemeguka kama ganda la yai, na ukipitisha kidole unahisi vumbi lake.

Sasa nakunja kufuata nyuzi, na mfuo umetiwa kwanza. Kuna jambo moja hapa ambalo hata mafundi wazoefu hulikosea: upande mmoja wa mfuo una bonde, upande wa pili una tuta, na tuta linatakiwa kubaki ndani ya mkunjo. Kwa macho inaonekana kinyume, kwa sababu bonde ndilo linalokuita ukunjie humo. Usilifuate. Tuta likiwa ndani, nyuzi za nje hazivutwi sana. Haya, glosi: safi. Silki: safi. Ya kioo ina nyufa nyembamba kama unywele, utaziona ukiweka lenzi. Kwa jalada lenye rangi nzito kwenye uti, hiyo ya tatu mimi naiweka kando bila kusita.

Sasa gramu. Watu wengi wanaagiza kwa gramu peke yake, "nipe 300", basi. Gramu ni uzito wa mita moja ya mraba, si unene. Nimepima hapa: glosi hii ina karibu milimita 0.24, silki karibu milimita 0.28, na zote zina uzito sawasawa. Sababu ni kwamba glosi imepitishwa kwenye roli zinazoibana hadi uso uwe laini, na ikibanwa inapungua unene na ukakamavu. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba kadi zake za gramu 300 zinapinda kirahisi, mara nyingi hakudanganywa kwenye uzito. Aliletewa glosi wakati mkono wake ulizoea silki. Kama unataka glosi na unataka kadi isimame imara, panda hadi gramu 350.

Ukishuku uzito, kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, uweke kwenye mizani ndogo. Gramu 300 lazima isome gramu 3, ya 350 isome 3.5. Na kama karatasi inatoka Marekani, angalia paundi zake kwa makini: paundi 100 za jalada ni karibu gramu 270, lakini paundi 100 za kurasa za ndani ni karibu gramu 148. Namba ileile, karatasi mbili tofauti kabisa, kwa sababu vipimo vya shiti inayopimiwa si sawa.

Weupe ndio unaonikosesha usingizi kwenye kazi za picha za watu. Nazima taa, nawasha tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Mnaona? Glosi inawaka bluu. Silki inawaka kidogo. Ya kioo karibu haiwaki. Hizo ni kemikali za kung'arisha: zinanyonya mwanga usioonekana na kuurudisha kama bluu, na jicho linasema karatasi ni nyeupe sana. Kwa nembo na rangi kali, inapendeza. Kwa uso wa mtu, bluu hiyo inaingia chini ya wino na ngozi ya kahawia yenye joto inageuka kijivu. Nina picha moja ya bibi harusi hapa, faili moja, siku moja, mtambo mmoja, kwenye glosi na kwenye silki. Tazameni shavu. Kwenye silki damu ipo. Kwenye glosi anaonekana kama mtu aliyetoka kuugua. Na kemikali hizo huchoka zikikaa kwenye mwanga, kwa hiyo weupe ule unaoulipia unafifia kuelekea umanjano. Chapa ya majaribio itazameni chini ya taa ya kelvini 5,000, ile wachapaji wanayoitumia kulinganishia rangi. Balbu ya manjano ya ofisini itakuficha tofauti yote.

Silki nayo ina deni lake. Uso wake, ukiutazama kwa lenzi kali, una chembechembe, na kazi mbili zikisuguana kwenye boksi, wino unahama. Nimepitisha kidole kikavu mara kumi juu ya bluu siku moja baada ya kuchapa, tazameni kidole. Kwa hiyo silki yenye rangi nzito inahitaji vanishi au laminesheni, yaani filamu nyembamba ya plastiki juu yake, lazima. Na kwenye ofseti, uchapaji wa bamba na wino wa maji mazito, usipakie wino kupita kiasi: jumla ya rangi nne, kila moja ikihesabiwa hadi asilimia 100, isizidi asilimia 300, au 330 kama mchapaji wako amekuthibitishia. Ikizidi hapo wino hauwahi kukauka na shiti ya juu inachafua ya chini yake.

Laminesheni nayo, kwa ufupi. Filamu ya kawaida ya polipropilini ikiwekwa upande mmoja, upande wa pili wa karatasi unaendelea kunyonya unyevu wa hewa, unatanuka, na jalada linajikunja kwenda nje kama ulimi. Kwa jalada la kitabu omba filamu ya nailoni inayopitisha unyevu. Na karatasi zikifika, ziacheni ndani ya kifungashio chake kwenye chumba cha mtambo hadi joto lake lilingane na la chumba, ndipo mfungue.

Kwa tona, wino wa unga wa mitambo ya kidijitali, ulizeni mtambo kabla ya kuuliza karatasi. Tona inayeyushwa kwa joto kali, na karatasi nzito iliyopakwa, ikiwa na unyevu ndani, inaweza kutoa malengelenge. Mitambo ya wino wa kimiminika kama HP Indigo inataka karatasi iliyoandaliwa kwa ajili yake, la sivyo wino unabanduka kwa gundi ya utepe. Huu wa utepe ni mtihani mzuri: bandika, kandamiza, vuta.

Karatasi ya kioo sijaitupa, jamani. Mgongo wake usiopakwa unaandikika kwa kalamu bila wino kutapakaa, na unashika gundi. Kwa kadi ya mwaliko isiyokunjwa, yenye rangi kali mbele na nafasi ya kuandika jina nyuma, hakuna kati ya hizi tatu inayoikaribia. Foili ya dhahabu juu yake inakaa kama imeyeyushiwa hapo.

Glosi naipa vipeperushi vya bidhaa, vyakula na magari, vitu vinavyotaka rangi iruke. Silki naipa vitabu, ripoti, na chochote chenye uso wa mtu.

Kile kitabu cha kumbukumbu nilikichapa upya kwa gharama yangu. Hiki hapa. Silki gramu 300, nyuzi zinakwenda na uti, mfuo umetiwa na tuta liko ndani, filamu ya nailoni juu, na kwa kuwa gundi ya kawaida ya moto haishiki vizuri kwenye karatasi iliyopakwa, nimetumia gundi ya poliyurethani kwenye uti. Nakifungua hadi mwisho, nakifunga. Nakifungua tena. Leteni kamera karibu kwenye uti, hapa penye bluu.

Hakuna mstari.